Kukata na Meno

Siku ya kazi mbili, tarehe 2 mwezi wa tisa 2025

Nimekasirika. Naandika juu kama siandike, nitapiga mutu.

Mutoto wangu Mignonne anakula pemba tena! Nimeona vumbi nyeupe ku kikwembe yake. Mimba ya miezi sita, na anajaza tumbo na udongo ya soko. Wiki mbili sasa analia tumbo, analia kichwa, choo haitoki. Nikisema, anajibu hata mi nilikula pemba wakati yeye alikuwa mu tumbo yangu. Kweli. Lakini ya zamani ilikuwa safi. Ya leo banachimba wapi? Hapa Musonoi kila udongo iko na kitu ya mugodi ndani.

Bwana yake Dady iko Dilolo, biashara ya mupaka. Anatuma bonjour ku telefone. Bonjour haiponyeshe tumbo.

Na kazi haingoje. Ngeleka, ule anapeleka bazungu kuvua ku Nzilo, anataka mamouche makumi ine, ndoano za kufunga na manyoya sawa kadudu. Zile nzito. Jua imekuwa kali, samaki ya meno imeshuka chini kabisa, mouche nyepesi inapita juu yake bure. Basi: waya ya plomb, ile risasi nzito, mara kumi na tano ku mugongo ya ndoano, uzi juu yake, manyoya ya mukila ya mbuzi, meshi ya nywele nyekundu kidogo sawa damu, verni ya kucha. Ikilowana inakuwa katoto ka samaki kenye kugonjwa.

Mignonne ananishinda sasa. Mikono mbio, kinywa inashika waya, meno inakata. Mi njo nilimufundisha. Wakati nilisuka nywele za batu, uzi nilishika na meno: nani alikuwa na mukono wa tatu?

Kazi ine, tarehe 4

Nimeenda soko kwa Mama Ndaya, mwenye anauzisha pemba pale bamotari banasimama na pikipiki zabo. Nimemwaga kitunga yake chini. Mbele ya batu! Nikamwambia anaua mutoto wangu na mujukuu wangu pamoja. Motari moja akauliza kama hii cinéma ni ya bure ao tunalipa ku mulango.

Ndaya hakusimama hata. Anaokota pemba yake kimoja kimoja, anapuliza vumbi. Kisha, polepole:

"Mama Mignonne, nimekula hii tangu niko binti, nimezaa saba. Angalia kwako kwanza."

Kwangu! Mutu mwenye kuku yake inalala mu sufuria!

Nimerudi ku meza. Nimefunga mouche tano, zote mubaya. Kichwa inauma. Inauma tangu wiki ya jana, ni hasira tu.

Siku ya posho, tarehe 6

Ku dispansere, kwa Masere Louise, sista mwenye anatunza bagonjwa. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari juu ya pemba. Masere ameninyamazisha na mukono. Amevuta mudomo ya Mignonne chini, ameangalia nyama ya meno.

Kuna mustari. Mwembamba, bluu na kijivu, pale nyama inaishia na meno inaanza. Sikuwahi kuiona — mi mama yake!

Anauliza anaweka nini mu kinywa. Pemba, nimejibu mi. Akasema hakuniuliza mi. Mignonne anasema uzi. Na waya. Waya gani? Ya mamouche. Ya plomb.

Masere ameweka kalamu chini.

"Plomb inaingia mu damu, mama. Na damu yake njo mutoto anakunywa."

Pemba pia aache, amesema, lakini ule mustari haukutoka kwa pemba. Ametoa damu, inaenda Lubumbashi, jibu itarudi ile siku itarudi. Vidonge. Maziwa, ndagala, mboga. Ile waya asiguse tena.

Tumerudi na miguu. Mignonne anashika tumbo na mikono mbili, sawa mutu mwenye kubeba mayi bila kifuniko.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Sikuenda misa. Nimeosha meza mara tatu. Nimeosha chini. Waya yote nimeifungia mu kopo.

Nani alimwambia kata na meno? Mi. Waya iliharibu makasi, nikacheka, nikasema meno Mungu alitupa bure. Nikamwambia ile neno!

Kazi mbili, tarehe 9

Ngeleka amekuja juu ya kazi yake. Nimemupokea na kopo mu mukono. Ulijua ao hukujua? Anasema ni waya tu, bazungu banaitumia kila siku. Nikauliza paketi iko wapi, juu kila kitu ya bazungu inatoka mu paketi. Anasema karatasi anaitoaka, inajaza mufuko. Labda moja imebaki ku bwato. Nimemutuma. Amekaa saa mbili, amerudi nayo.

Ku karatasi: mwanamuke wa mimba, mustari mwekundu juu yake. Picha! Hata mi mwenye niliishia mwaka wa ine ya primaire, naisoma.

"Uliona hii?"

"Niliona, mama. Nilifikiri ni ya bibi za bazungu. Bale banaogopa kila kitu."

Nimemupiga na ndala ku bega. Hakukimbia. Mwanaume muzima, iko na ndevu, anasimama tu, anaangalia chini.

Nikamwambia plomb haiingie tena humu. Nitafunga na shaba. Kolwezi hii, shaba itakosa? Anasema shaba ni nyepesi. Basi nimejaza ndoo mayi, tujaribu. Yake ya plomb imegonga chini mbele niseme mbili. Yangu, waya ya shaba ya moteur ya ventilateur, mara kumi na tano — polepole sawa jani! Nimeifumua. Safu tatu, na shanga mbili za chuma pale pa macho. Imeshuka. Siyo sawa plomb, lakini imeshuka na kichwa mbele.

Ngeleka ameitoa mu mayi, ameipima mu mukono. Anasema atajaribu kumi. Siyo makumi ine.

Kumi ni kumi. Mignonne amenunuliwa makasi mupya, ninamuangalia kila mara. Mara mbili mukono ilipanda ku kinywa. Mara mbili nilipiga kelele.

Kazi tatu, tarehe 10

Nimepeleka kitunga mupya kwa Ndaya. Anasema kitunga yake haikupasuka, ni jina yake njo ilipasuka, mbele ya bamotari. Basi nimesema pardon mbele ya bamotari, na sauti. Motari ule ule akasema sehemu ya pili inashinda ya kwanza.

Ndaya akauliza mutoto anacheza mu tumbo? Anacheza. Akanishika mukono. Nikaanza kulia kule soko, sawa mujinga.

Kazi tano, tarehe 12

Masere amepiga telefone. Karatasi ya damu imefika. Hakusema iko na nini. Kesho asubuhi tuende, sisi babili. Nikauliza babili juu ya nini, mwenye mimba ni moja. Akauliza mi nafunga mamouche na plomb tangu lini. Miaka tatu. Mignonne miezi nane tu.

Nimerudi ku meza, nimeshika ndoano. Mignonne ananiangalia.

"Mama, toa ile uzi mu kinywa."

Ilikuwa pale. Sikujua!

Akanivuta mpaka ku mulango, pa mwangaza. Akashika kidevu yangu, akavuta mudomo chini, akaangalia nyama ya meno, sawa masere. Nilicheka, nikasema mi si mbuzi ya soko. Hakucheka. Akageuza kichwa yangu ku jua. Nikamuuliza anaona nini. Akaniachia, akatoka.

Hajanijibu mpaka sasa. Iko inje ku lupango, anavunja makala na jiwe, anapiga, anapiga.

Makala nilishaivunja asubuhi.