Ubao wa Kumshushia Askari

Kitui, 3 Agosti 2024

Kwa mdogo wangu Kisilu,

Habari za Makindu? Watoto wamepona kifua? Sisi tu wazima, ila jua linatumaliza. Naandika kwa sababu kwa simu ukisikia nimeanza kusema unakata.

Jumamosi ijayo unamchukua mama kutoka Zombe. Amekubali kuhamia kwako kwa sharti moja: Askari aje naye. Tangu macho ya mama yaingie ukungu, mbwa huyo ndiye anayemtangulia kisimani. Sasa amezeeka, miguu ya nyuma imelegea, na pikapu yako iko juu. Nimetengeneza ubao na kuupigilia gunia ili kucha zisiteleze. Nimeuegemeza nyuma ya ghala la mama. Mpandishe polepole, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya tumbo. Mkisimama Mutomo njiani, mshushe akojoe hivyo hivyo, na umshike kabla ya kufungua mlango. Usimvute kwa shingo. Usimwache aruke.

Dada yako,
Kalunde

Makindu, 7 Agosti

Dada,

Salamu nyingi. Vifua vimepona, Mungu ni mwema. Lakini kweli mwalimu hastaafu! Ukurasa mzima wa kushusha mbwa? Watu wakiniona nimembeba kama bibi harusi, nitahama mji. Mbwa ni mbwa, dada. Haya, nitafanya.

Mdogo wako,
Kisilu

Makindu, 12 Agosti

Dada,

Hujambo? Tulifika salama. Ubao wako ulisaidia sana, asante. Ila tuliposimama Mutomo, Askari aliona mbuzi, akachomoka, akapotelea vichakani. Tulimtafuta tukachoka. Mama hali chakula vizuri, lakini atazoea. Tarehe mbili mwezi ujao nampeleka kliniki ya macho.

Mdogo wako,
Kisilu

Kitui, 25 Agosti

Kisilu,

Leo sikuulizi hali.

Jana nilikwenda Zombe kufunga nyumba ya mama. Ubao uko palepale nyuma ya ghala. Gunia halina hata alama moja ya ukucha. Sokoni nikakutana na Kusow, mnunuzi wa mbuzi. "Mwalimu, pole kwa yule mbwa," akaniambia. Alikuwa Mutomo siku ile mliposafiri. Alikuona ukimvuta Askari kwa kamba ya shingo, akaangukia mgongo, asiinuke tena. Mama akauliza kutoka kiti cha mbele ni nini kinacholia. Ukamwambia ni breki. Ukaondoka! Kusow ndiye aliyempa maji. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Nimebishana na watetezi wa kila aina ya ukatili, na wote huanza kwa maneno yako: mbwa ni mbwa. Baadaye husema mzee ni mzee. Mama naye magoti hayapandi pikapu. Anashikwa na nani?

Kalunde

Makindu, 2 Septemba

Dada,

Kusow alisema kweli. Alipoanguka watu walicheka, nikaona haya kumbeba.

Barua yako ilifika nikiwa shambani. Binti yangu Wavinya alimsomea nyanya yake yote.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Nilifungua mlango nikanyoosha mkono. Mama akasema, "Wewe ngoja hapo." Alikaa ndani ya pikapu karibu saa nzima, juani, mpaka mlinzi wa geti akaja. Mama akamwambia yule mtu asiyemjua, "Nishike chini ya kwapa, mwanangu. Polepole. Usinivute."

Anauliza unakuja lini kumrudisha Zombe. Anasema uje na ubao.

Kisilu