Kupita Bila Kuonekana

Jumapili, 8 Juni

Kitinda mimba wetu amesafiri kikazi, akaniachia gemu yake. Eti nipunguze mawazo! Gemu yenyewe ni ya muuaji. Jamaa analazimishwa na bwana wake kuua watu na yeye hataki. Kila akitajiwa mtu anainamisha kichwa. Nimembatiza Mnyonge. Kazi yangu ni kumpitisha kwenye giza, nyuma ya mapipa, juu ya mapaa, walinzi wasimwone. Nimekamatwa mara chungu nzima. Natokwa jasho nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe!

Leo katumwa amuue fundi saa mmoja mzee. Mzee wa watu, anavuma wimbo huku anafuta vioo. Nani atamuua huyo? Si mimi. Nikamficha Mnyonge kabatini mpaka kengele ya mji ikalia na hatua hiyo ya gemu ikaisha. Sijaua mtu. Nimejipongeza kwa sauti.

Jumatatu, 9 Juni

Meneja kaniita ofisini, akafunga mlango. Nikajua hakuna heri.

Kesho inaletwa mashine ya kupiga pasi mashuka. Ijumaa jioni Bi Pasi, mpiga pasi wetu, anaachishwa kazi, na mimi, msimamizi wa chumba, ndiye nitakayemwambia. Kabla ya hapo nisithubutu, maana kuna mzigo wa hoteli wa kumaliza na akijua atatuachia njiani. Funika kombe, kasema meneja. Nikivujisha, tutatoka wote wawili, mimi na Bi Pasi.

Na mimi nikainamisha kichwa, nikasema sawa bosi.

Bi Pasi! Aliyenipokea kwenye dobi hili la kufulia mashuka nikiwa sijui hata kukunja shuka la kitanda kikubwa. Bila yeye ningefukuzwa wiki ya kwanza. Ananiita mwanangu mbele ya watu, hata akinigombeza. Sasa mchana kutwa nimemkwepa. Mizunguko yake naijua: akimaliza foronya anakwenda kuchota maji ya kunyunyizia, kisha anasimama dirishani kunyoosha mgongo. Nikangoja ageukie dirisha, nikavuka chumba kwa ncha za vidole. Mtu mzima na cheo changu!

Jumanne, 10 Juni

Mashine imekuja. Wanaume wameihangaikia mlangoni asubuhi nzima, mpaka bawaba zikang'olewa. Bi Pasi akaja kusimama kando yangu, mikono kiunoni. Nilikuwa sina pa kujificha.

Akauliza, "Mwanangu, hili dude ni la nini?"

Meneja yuko pale pale, ananitazama. Nikasema ni la kukupumzisha mgongo, mama.

Sijui neno hilo lilitoka wapi! Lilitoka tu. Bi Pasi alipiga makofi. Akaizunguka mashine, akaipapasa, akaiambia "karibu, bibi harusi, ulikuwa wapi siku zote?" Watu wakavunjika mbavu. Nami nikacheka. Meneja alinipa dole gumba, nikatamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 11 Juni

Leo mambo yamenifika shingoni.

Bi Pasi kanivuta pembeni wakati wa chai. Kumbe dobi la hospitali linamtaka! Wamemwambia awape jibu kesho kabla ya mchana, la sivyo wanamchukua mwingine. Alikuwa anataka kwenda, anasema, kwa ajili ya mgongo tu, kule kazi ni nyepesi. Lakini sasa si mashine ipo? "Nitoke niwaachie nani wanangu?" Akanibonyeza shavu. Nikainamia kikombe changu cha chai.

Jioni Kitinda kapiga simu. Nikamtambia kwamba nimevuka hatua ya fundi saa na sijaua mtu. Akaniuliza kama nilimpa onyo. Onyo gani?

"Aa, dada! Unamsogelea, unamnong'oneza, anatoroka. Ukijibanza tu mpaka kengele ilie, bwana anatuma muuaji mwingine. Rudi ukaangalie."

Nimerudi. Mlango wa duka uko wazi. Mzee kalala kifudifudi juu ya meza, saa zake zinaendelea kutembea. Nililia kama mjinga, kwa ajili ya mzee wa kwenye televisheni!

Nikaanza hatua upya. Kumbe kumfikia inabidi uache giza, utembee chini ya taa, walinzi wote wawili wamekukodolea macho. Nimejaribu tena na tena. Kila mara nafika karibu na mgongo wake, kila mara naogopa, narudi kabatini. Nimezima.

Kesho nitamwambia. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 12 Juni

Niko stoo ya mashuka machafu, mlango nimeurudishia. Naandikia juu ya goti.

Nilitoka nyumbani nimejaa ujasiri. Nikafika, meneja kaganda kwenye mashine na fundi wake, hasogei. Kila nikimkaribia Bi Pasi, yule ananyanyua macho. Nikapeleka taulo nisizotumwa. Nikakunja foronya zilizokwisha kukunjwa. Bi Pasi akanitania, akiuliza leo nimekunywa chai ya nani.

Sasa meneja katoka, yuko getini na dereva wa hoteli. Sauti yake naisikia mpaka huku. Bi Pasi naye yuko hapa nje kwenye korido, peke yake. Nimemwona kwa upenyo wa mlango, kavaa miwani, anatafuta namba ya hospitali. Kasema anawapigia awashukuru, awaambie haendi popote. Nikinyoosha mkono namgusa bega.

Meneja bado yuko getini. Neno moja tu. Mama, kata simu — basi!

Inaita. Kaweka spika, masikio yake yamechoka na mvuke.

Bado inaita.

Wamepokea. Anawasalimia, anacheka, anawaulizia watoto wao. Na mimi bado naandika.