Kwa Daktari Yirdaw Tegegne, Uliyetuzika Sote Tukiwa Hai

Mwaka umetimia, Yirdaw, tangu uage kwamba unakwenda kupiga picha, ukarudi umelazwa ndani ya lori la shayiri. Watu wanatuambia hasira hupoa. Zetu hazijapoa. Tunakuandikia gazetini kwa sababu wapo wanaopaswa kusoma, na wewe unawajua. Anayeandika ni mimi dada yako Asnakech, kwa niaba ya nyumba nzima.

Tuanze na mema yako, maana yapo. Ulikuwa daktari pekee wa mifupa katika hospitali inayotegemewa na wilaya nne. Ulikula mkate wako wa injera umesimama, mkono mmoja umeinua picha ya eksirei dirishani. Hukumfokea mgonjwa hata siku moja. Wakulima uliowaunga miguu walikuletea asali, nawe ukaigawa yote kwa wauguzi, hata tone lisifike nyumbani. Wubalem mkeo hajakusamehe hilo la asali, na amesema niliandike.

Halafu ukanunua ile kamera. Ilikuwa imeshatumika, ina mkwaruzo ubavuni, na lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia kahawa. Tangu hapo, ukipata siku, unapanda milima ya Semien kulala kifudifudi ukingoni mwa genge, unamsubiri yule tai anayebeba mifupa na kuiangusha mwambani apate kula uboho. Chekol, mdogo wetu, hakukuacha upumue.

"Wiki nzima unaunga mifupa, halafu unakwenda kumpiga picha anayeivunja!"

"Ndiye mwenzangu pekee anayeijua kazi," ulimjibu.

Hospitalini walikuita daktari wa nyani. Ulibandika picha tatu, ya tai, ya nyani na ya walia, yule mbuzi-mwitu wa milimani, kwenye ukuta wa wodi yako, wagonjwa waliofungwa plasta wapate cha kutazama. Daktari Anteneh, mganga mfawidhi wako, alizibandua kwa mkono wake mwenyewe, akasema ukuta wa hospitali si zizi la mbuzi. Tunaliandika hili kwa makusudi.

Uliomba likizo kwa muda wa miaka miwili na nusu. Kila barua ilirudi na neno moja: subiri. Mchana mmoja Wubalem alikukuta ndani ya gari mlangoni kwako, injini imezimwa, mikono inakutetemeka hadi huwezi kufungua mlango. Watoto wako uliwaita "nyinyi" kwa kuwa majina yalikuwa hayaji. Lakini ukipata siku mbili tu mlimani, ulirudi mikono imetulia, ukataka kujua nani ameng'oka jino. Sisi tuliliona hilo, na wakubwa wako wangeliona kama wangetazama.

Ruhusa iliyotolewa bila maswali pale ilikuwa moja tu, ya msiba. Siku tatu, sahihi papo hapo, na pole juu yake. Basi ukaanza kutuua.

Ulianza na Mzee Mengesha, baba yetu mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa analima. Akafuata shangazi. Kisha mama mkwe wako, Mama Tiruwork, mara mbili katika mwaka mmoja. Wote uliwaulia kijijini Amba Work, kusikofika gari, ili wenzako wasije kulia pamoja nawe. Ulirudi kutoka kwenye misiba hiyo umeungua pua kwa jua, nao wakadhani ni majonzi.

Mama Tiruwork alikuja kugundua mwenyewe, siku aliyokwenda hospitalini kwa ajili ya goti. Muuguzi alilisoma jina lake, akaangusha kalamu.

"Mama, wewe si ulifariki?"

"Lini, mwanangu?"

"Baada ya sikukuu ya Timket. Na tena... baada ya Pasaka."

Angeweza kukuangamiza pale pale. Akasema aliyefariki ni dada yake, wana jina moja, na huyo wa pili naye ni dada mwingine, baba yao hakuwa mbunifu wa majina. Kisha akaja nyumbani kwako na lile goti lake, hata kahawa hakutaka.

"Umenizika kwa ajili ya mbuzi?"

"Si mbuzi, mama. Ni walia. Wamebaki wachache sana duniani."

"Na mimi nimebaki wangapi?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tulicheka mno, Yirdaw, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwambia acha.

Zamu yangu ilifika mwezi wa Hidar, mvua zimekwisha na hewa imetakata. Barua yako ilisema Asnakech, dada yako mkubwa, amefariki Jumatano na anazikwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi, saa tatu, ulikuwa ukingoni mwa genge lako. Abebaw, mlinzi wa hifadhi aliyekuwa nawe, anasema tai alipita chini yenu, karibu kuliko siku zote, nawe ukajivuta mbele kidogo. Jiwe likameguka.

Uliangukia mwambani, si mbali sana. Paja lilivunjika na damu ikawa inatoka. Ulimwelekeza Abebaw namna ya kukaza mkanda wa kamera juu ya jeraha, kwa sauti ile ile uliyotumia na wanafunzi wako. Ukamwambia umebakiwa na saa nne tu za kuishi, wala hukukosea. Akanipigia mimi.

Hospitali ilikuwa na gari la wagonjwa, limekaa uani. Nilimpata Daktari Anteneh mwenyewe saa nne na nusu.

"Daktari, Yirdaw ameanguka mlimani, anavuja damu, leteni gari!"

"Yirdaw yuko msibani. Wewe ni nani?"

"Mimi Asnakech, dada yake."

Nikasikia anafunua karatasi. "Asnakech amezikwa jana. Barua iko hapa mezani kwangu."

"Alidanganya! Niko hai, nakwambia niko hai!"

"Mama, mwambie huyo aliyekutuma kwamba hospitali si uwanja wa mchezo."

Akakata. Nikapiga tena mara tisa, haikupokelewa. Chekol akaomba lori la shayiri sokoni. Tulikufikia saa nane, na wewe ulikuwa umeondoka tangu saa saba. Abebaw alikuwa amekufunika shuka lake. Jioni lori lilisimama kwenye lango la hospitali. Bawabu akakutazama wewe, kisha akanitazama mimi niliyekaa kando yako, akavua kofia. Hakujua ampe pole nani.

Daktari Anteneh alisema mbele ya waombolezaji kwamba hakupokea simu yoyote. Alisema akiwa ameshika mkono wa mama yetu. Tangu siku hiyo sisi na yeye hatuli pamoja.

Na mwezi huu, tazama ujasiri wa watu! Imekuja barua yenye mhuri. Wanataka picha zako zote, wazitundike kwenye ukumbi mpya, na wodi ya mifupa ipewe jina lako. Hospitali ile ile iliyozibandua. Wanaomba sahihi ya ndugu mkubwa wa marehemu. Nilikwenda nayo mwenyewe mpaka mezani kwake.

"Daktari," nikamwambia, "ndugu mkubwa ndiye mimi, na kwenye faili lenu nimekufa. Maiti hatii sahihi."

"Dada Asnakech, yaliyopita..."

"Hayajapita. Simama kwenye karamu ya kumbukumbu ya mwaka wake, useme simu uliipokea. Ukisema, picha zote zako."

Akaikunja barua, akanirudishia. Karamu ni Jumapili hii, na kiti chake tumekiweka. Mpaka aseme, hapati hata picha ya nyani.

Hapa ndipo tangazo hili lingeishia, Yirdaw, na familia imeshalisoma mpaka hapa na kulikubali. Haya yanayofuata niliyaongeza nikiwa nimeshafika gazetini.

Jumatano ile ulinipigia simu. Ukasema, "Dada, waliobaki wote nimeshawazika. Nimebaki na wewe tu. Nikuue?" Nami nikacheka. Nikasema, "Niue, lakini uniletee picha nzuri."

Na ile simu ya saa nne na nusu haikuwa ya kwanza. Ya kwanza niliipiga saa tatu na nusu. Alipokea msichana wa mapokezi, akaniuliza jina. Nikaona nikitaja langu watajua umedanganya, watakufukuza kazi. Nikasema mimi ni jirani. Akasema kwa neno la jirani gari halitoki, aje ndugu. Nikakata. Nikakaa jikoni saa nzima, nikitafuta jina la kusema, wewe unavuja damu.

Gari la saa nne na nusu lingekuwahi, labda. La saa tatu na nusu lingekuwahi bila labda. Anteneh ana lake la kusema Jumapili, na mimi nitasimama kabla yake.

Unakumbukwa na mama yetu. Mkeo Wubalem na watoto wenu, Hirut na Bezawit. Mdogo wako Chekol. Mama Tiruwork, Mzee Mengesha na shangazi zako wote, wazima wa afya. Na Abebaw aliyekushika mkono.

Na mimi Asnakech. Siku zote nitakazoishi sitakusahau, wala ile saa moja sitaisahau.