Mkamwana Asiyelitaja Jina Langu

Mtaa wa Bagamoyo,
Tukuyu.
16 Juni 2025

Mdogo wangu Shamsia,

Pokea marahaba yangu mapema, maana najua utaniamkia mara uionapo bahasha hii, kabla hata hujaifungua. Natumaini inakukuta mzima, goti limetulia, na michungwa ya uwani inazaa kuliko ya jirani. Kama haizai kuliko ya jirani, natumaini angalau jirani hajui. Mimi ni mzima. Presha inapanda na kushuka kama barabara ya huku kwetu, lakini gari halijazimika. Baridi ni ile ile niliyokuandikia mwaka 1977, nilipokuomba unifumie sweta. Ukungu unaingia ndani bila hodi, na nguo nazitoa kwenye kamba zikiwa mbichi kuliko nilivyozianika.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako inamtaka mtu apige kelele hadi majirani watoke nje, na haya niliyonayo si ya kupigia kelele. Mwambie mjukuu wako Yusra akusomee polepole, asiruke mstari. Na umkataze kuanzia mwisho, namjua.

Habari kubwa ni safari ya Modesta. Unakumbuka kwamba mwanangu Ali ni muuguzi Ujerumani tangu mwaka 2022, na kwamba alimwacha hapa mkewe pamoja na binti yao, Nusrat, ambaye sasa ana miaka mitano. Tangu aondoke amekuja likizo mara mbili tu. Mara ya pili mtoto alimkimbia, akajificha nyuma ya pipa la maji, na Ali akakaa barazani nusu siku akijifanya anafunga kamba za viatu. Siku hiyo aliamua kwamba ama familia imfuate, ama yeye aache kazi arudi. Ndipo wakaanza kuomba viza ya mke na mtoto.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri. Modesta ni Mnyakyusa wa Kinyala, na alilelewa na bibi yake, mama mmoja wa zamani kwelikweli. Kwa desturi yao ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani, na mwanamke hathubutu kulitaja jina la mkwewe. Wasichana wengi wa mjini wamekwisha kuiacha desturi hii, wanapiga picha na wakwe zao na kuwaomba vocha. Modesta hakuiacha. Tumekaa boma moja miaka saba, yeye na mwanawe kwenye vyumba viwili vya nyuma, mimi nyumba ya mbele, na katika miaka hiyo nilichokiona kwake ni kisigino na upande wa kitenge. Tukikaribia kukutana njiani, yeye huingia migombani na kunipa mgongo. Mimi nikitaka kwenda uani nilikohoa kwanza, kama trekta linalowashwa.

Usidhani tulikuwa hatuongei. Yeye alizungumza na kuku. Chakula kikiwa tayari, nilimsikia dirishani akisema, "Nyie kuku, ndizi ziko mezani, zikipoa msiseme hamkuambiwa." Nami nikiwa na la kujibu niliiambia redio. "Wewe redio," nasema, "waambie tumeshukuru, ila chumvi leo imekuwa ya kuhesabu." Siku ya pili chumvi inakaa sawa. Alipotakiwa kufanya mtihani wa Kijerumani, ngazi ya kwanza, alisoma kwa kuwahesabia kuku kwa Kijerumani huku akiosha vyombo. Mimi nina kamusi yangu ya Kijerumani niliyoinunua Dar es Salaam mwaka 1983 kwa muuza vitabu vikuukuu. Nikisikia kosa, nairekebisha redio kwa sauti. Mara nasikia kuku wanaambiwa neno lile lile kwa usahihi. Alifaulu kwa alama themanini na nne. Mimi nilijihesabia kumi na mbili kati ya hizo.

Basi mwezi wa tatu aliitwa ubalozini kuhojiwa. Alikwenda na karatasi zote. Cheti cha ndoa kiligongwa muhuri hapa bomani, ndani ya kuta zilizojengwa na Wajerumani wenyewe, kwa hiyo nilidhani tumekwisha kumaliza kazi. Akapeleka cheti cha kuzaliwa cha Nusrat, na picha thelathini na moja za harusi na za nyumbani.

Alirudi uso chini kuliko kawaida, na kuku hawakuambiwa kitu siku mbili. Habari niliipata kwa Ali. Alinieleza kwamba mhoji, kijana mpole tu, alimuuliza mkewe anaishi na nani. Akajibu anaishi kwa baba yake Ali. Akaulizwa jina la mzee huyo. Modesta akainama. Akaulizwa tena. Akasema ni mwalimu mstaafu. Mhoji akasema hakuuliza kazi. Akasema ni baba yake mumewe. Mhoji akasema hilo amelielewa, jina lake nani? Modesta akanyamaza kabisa. Basi akaambiwa aeleze tu sura ya mzee, ni mrefu, mfupi, ana ndevu? Akajibu kwa ukweli mtupu kwamba hajawahi kumtazama.

Shamsia, mwanamke yule anajua natia karafuu mbili kwenye chai. Anajua sili kitunguu kibichi, goti lipi linaniuma mvua ikikaribia, na kwamba nikisoma gazeti nagombana nalo. Yote hayo hakuulizwa. Barua ikaja kwa Ali ikisema kwamba mwombaji hakuweza kutaja jina wala sura ya baba mkwe anayedai kuishi naye kwa miaka saba, na kwamba katika picha zote thelathini na moja hakuna hata moja inayowaonyesha wawili hao pamoja. Kwa hiyo kuna shaka kama ndoa ni ya kweli. Wamepewa wiki nne watume maelezo, kisha Modesta arudi kuhojiwa mara ya pili na ya mwisho.

Ali alinipigia hajui acheke au alie. Akaniuliza, "Baba, umewahi kusikia mtu ananyimwa viza kwa adabu?" Nikamwambia sijawahi, na nimesoma mengi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba wakikataliwa atarudi, na mkopo aliochukua kwa masomo yake atajua namna ya kuulipa, kwa sababu hawezi kukimbiwa na mtoto wake mara nyingine.

Niliandika maelezo ya kurasa nne juu ya desturi hiyo. Nilijivunia sana kurasa zile. Yona, mwalimu mwenzangu tuliyefundisha naye Mpuguso, alizisoma akasema ni nzuri, lakini mtu akizisoma atazidi kuamini kwamba tumezitunga. Akaniambia karatasi haitasaidia kama binti mwenyewe akiulizwa jina langu atainama tena. Twende kwao, akasema.

Tukaenda Kinyala kwa baba yake Modesta, Mzee Ambindwile, mkulima wa chai. Kwao desturi hii ina namna ya kufunguliwa, na anayefungua ni baba mkwe mwenyewe. Anapeleka jogoo na kitenge, anamwita mkamwana kwa jina mbele ya watu wake, naye anamtazama na kumwitikia. Ni hivyo tu. Jogoo nilimbeba mwenyewe mapajani njia nzima, akanichafua suruali ya sherehe, na Yona akasema hiyo ni faini ya mahari niliyobembeleza ipunguzwe.

Walikuwapo watu kama ishirini, wamekaa kwenye majamvi, na Modesta kati ya shangazi zake, kajifunika kichwa. Nilisimama, nikaita, "Modesta!" Sauti ilinitoka kama ya mwalimu wa zamu, hata mtoto mmoja akaitika yupo. Watu wakacheka. Modesta akashusha kitenge polepole, akainua uso. Ana macho makubwa, Shamsia, na kovu dogo juu ya nyusi, na mimi sikujua. Alinitazama kwa muda mrefu bila haraka, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kukata. Kisha akasema, "Mugonile, tata," ndiyo salamu yao ya heshima kwa baba. Shangazi yake mkubwa akamwamuru alitaje jina. Alipolitaja mara ya kwanza halikusikika. Mara ya pili likasikika nusu. Mara ya tatu akasema Anwari Selemani Mhina kwa sauti iliyofika kwenye mashamba ya chai, na akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo akamgeukia Mzee Ambindwile na kumwambia, nami nikisikia, kwamba miaka yote amekuwa akijiuliza Ali ile pua kaitoa wapi.

Siku hiyo tukapiga picha nyingi. Katika zote mimi nimetabasamu kama bwana harusi.

Alirudi ubalozini mwezi uliopita. Mhoji alikuwa yule yule. Aliuliza jina, akapewa langu, la baba na la babu. Akauliza sura, na Modesta akaanza na pua. Kutoka hapo akaingia kwenye karafuu, kitunguu, goti, gazeti, na namna ninavyoifokea redio kwa Kijerumani. Anasema mhoji aliacha kuandika, akawa anasikiliza tu, mwisho akamwomba radhi kwamba kuna watu wengine wanangoja nje.

Viza zimetoka Alhamisi iliyopita, ya mama na ya mtoto. Nusrat analala na pasipoti yake chini ya mto. Wanaondoka tarehe 14 mwezi ujao.

Sasa, mdogo wangu, nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichukue kalamu badala ya simu. Mwambie Yusra anywe maji kwanza.

Namna ile ya kufungua sikuifahamu mwaka huu tu. Mzee Ambindwile aliniambia tangu mwaka wa pili wa ndoa yao. Alinijia mwenyewe, akasema kwamba anajua mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, kwetu hakuna mambo hayo, na kwamba nikipenda nimpunguzie binti yake uzito, nipeleke jogoo siku yoyote. Nilimshukuru. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri miaka mitano.

Sikukosa jogoo. Nimekaa nchi hii miaka arobaini na minane. Nimefundisha watoto, na watoto wa watoto hao. Marehemu mke wangu amezikwa hapa. Hata hivyo sokoni mimi ni "yule mwalimu wa Tanga." Watu ni wema, wananikaribisha kila mahali, lakini wananikaribisha, unaelewa? Mtu wa hapa hakaribishwi. Kisha akaja msichana mmoja akaanza kunikwepa kama wanavyokwepwa wazee wa hapa, wenye makaburi ya babu zao hapa. Kila alipoingia migombani kunipisha, mimi nilinyoosha mgongo. Nilipenda. Nilipenda kiasi cha kumwacha abebe mzigo ule, na adabu yake ikakaribia kumnyima mume, na Nusrat baba. Wiki zile nne nilikuwa nikisoma kurasa zangu nzuri na kuona aibu, kwa sababu desturi niliieleza yote, ila hilo sikuliandika.

Juzi nilimwambia. Tulikuwa barazani tunachambua maharage, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, nikamwomba radhi. Aliendelea kuchambua. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaweka ungo chini. Akasema analijua hilo tangu siku ile ile, baba yake alimpitia kwenye kibanda chake cha cherehani mjini akitoka kwangu. Anasema mwaka wa kwanza alininunia sana, na ndiyo maana chumvi ilikuwa vile. Baadaye akaona faida. Wenzake mjini, akasema, wanatumwa na wakwe zao kutwa, mara chai, mara miwani, mara nipigie simu kwa fulani. Yeye miaka saba hajatumwa hata kiberiti. "Na ulivyo mwalimu, baba," akasema, "ungekuwa unanisahihisha hadi ninavyotembea." Nikarudi kwenye maharage yangu, maana ni kweli.

Lakini hakuniachia hivi hivi. Amenitoza adhabu. Anataka niwasindikize hadi uwanja wa ndege, na kabla ya hapo tupite Muheza, akuone wewe na nyumba niliyozaliwa. Nilimwambia ni mbali. Akasema Ujerumani ni mbali zaidi. Ikabidi nimwambie ukweli wa pili, kwamba sijafika huko miaka kumi na tisa kwa sababu mara ya mwisho, pale stendi, vijana waliniuliza, "Umetoka wapi, mzee, na unamtafuta nani?" Huku mimi mgeni, na huko mgeni.

Modesta akapepeta ungo wake, akasema hilo lisinisumbue. Nikae tu garini nivute pumzi. Yeye atashuka kwanza, atawaambia wote waliopo pale stendi yeye ni mkamwana wa nani.

Basi tutegemee tarehe 11 mwezi ujao, jioni. Tuko watatu. Usichinje, tutakuja na mchele wa Kyela na majani ya chai ya kutosha ukoo mzima. Nisalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka waambie nakuja wanione. Mola akulinde hadi tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Anwari S. Mhina