Insulini Ndani ya Fromaji

CHAMA CHA WENYE DIABETE, MUNIGI
Kumbukumbu za kikao cha Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, salle, yaani ukumbi wa chapeli. Kiliitishwa saa mbili asubuhi, kikafunguliwa saa tatu na nusu kwa sababu mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo.

Waliokuwepo, na sukari yao kama ilivyopimwa mlangoni kwa desturi ya chama:
1. Papa Modeste Mbarushimana, mwenyekiti: 186 (aliomba isiandikwe)
2. Mama Emerance, katibu: 121
3. Mama Dancille: 158
4. Mwanachama Na. 4: 412
Mwalikwa: infirmier Ézéchiel, muuguzi wetu. Hana diabete.
Asiyekuwepo: Papa Lionel. Yuko harusini, na wote tunajua anachokula huko.

Angalizo: Mwanachama Na. 4 ni baba mkwe wa katibu. Kwetu mkaza mwana hataji jina la baba mkwe, wala haliandiki. Mwenyekiti alisema hiyo si sababu. Basi anayelitaka aliandike mwenyewe.

KUMB. NA. 1/2024: INSULINI ISIYO NA SINDANO
Mwenyekiti alikumbusha kwamba ni yeye aliyesoma kwenye telefone, kikao kilichopita, habari ya wataalamu wanaofunga insulini ndani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ili mgonjwa ameze badala ya kujichoma. Alieleza tena, dakika ishirini na tano. Katibu aliuliza kama dawa hiyo iko Goma. Mwenyekiti alijibu kwamba katibu anapenda kuvunja watu moyo. Infirmier alisema bado wanaijaribu huko maabara, na hapa hakuna anayeitoa.

KUMB. NA. 2/2024: SUKARI YA MWANACHAMA NA. 4
Infirmier aliuliza 412 imetoka wapi. Mwanachama Na. 4 alijibu kwamba mashine ni mbovu. Alipimwa tena: 409. Alisema, "Munaona? Inashuka."
Alipobanwa, alieleza kwamba ana siku tano hajachomwa. Alichukua fromaji, jibini ya Masisi, akaivingirisha vidonge vidogo kama maharage, akadondosha insulini ndani ya kila kimoja, bila kupima, akawa anameza asubuhi na mangaribi. "Mimi ni mufugaji. Wale wanafunga ndani ya chembe, mimi nafunga ndani ya fromaji. Yangu inaonekana, basi iko na nguvu zaidi."
Aliomba wajumbe watazame vidonge vilivyobaki, ndani ya kopo aliloliweka mezani alipoingia. Kopo lilikuwa tupu. Mwenyekiti alikiri kwamba alidhani ni vya wajumbe, na kwamba alikula sita wakati akisoma ajenda.

KUMB. NA. 3/2024: HALI YA MWENYEKITI (DHARURA)
Mwenyekiti alisimama, akasema anatetemeka, anaona giza, na chama kimemuua. Aliomba soda haraka, impandishe sukari. Mama Dancille alisema, "Papa Modeste, kila kikao unatafuta njia ya kunywa soda."
Infirmier alikataza soda. Alieleza kwamba insulini ikimezwa hivi hivi, tumbo linaisaga kama nyama, haifiki kwenye damu. Ndiyo maana wataalamu wanahangaika na chembe zao, ziivushe salama. Fromaji haiwezi kazi hiyo. Tungoje saa moja, tupime.
Saa hiyo mwenyekiti aliitumia kusali na kumwomba katibu msamaha kuhusu viti vya plastiki, msamaha ambao katibu anaungoja tangu Novemba. Umeandikwa hapa usije ukakanwa.
Saa tano na dakika kumi mwenyekiti alipimwa: 203. Ilikuwa imepanda. Mwenyekiti aliomba msamaha wake ufutwe. Ombi lilikataliwa kwa kura tatu dhidi ya moja.

KUMB. NA. 4/2024: SINDANO
Mwanachama Na. 4 aliitazama mashine muda mrefu. Alisema, "Kumbe nilikuwa nakula fromaji tu."
Infirmier aliuliza kwa nini aliacha sindano. Alijibu kwamba mke wake ndiye aliyekuwa akimchoma, tumboni, na tangu wamzike jirani mmoja alimsaidia, naye amehama wiki jana. Macho yake hayaoni tena mistari ya sindano. "Nyumbani kuko mukamwana peke yake. Mukamwana anaweza kuona tumbo langu? Ningemwambia nini?"
Katibu, ambaye ndiye mukamwana huyo, hakuwa akijua haya. Kila asubuhi humpelekea chai na kumuuliza kama amechomwa, naye hujibu ndiyo. Katibu alikasirika, kisha akalia, na linaandikwa kwa sababu lilitokea.
Infirmier alisema hata mkononi inawezekana, hapa juu, nyuma. Mama Dancille aliuliza kama mila inakataza mkono. Mwenyekiti alisema neno lake la kwanza la maana siku hiyo: kila siku mkono huo unapokea chai kutoka kwa mkaza mwana, na hakuna aliyewahi kulaumu.
Kikao kilisimama dakika sita. Katibu aliweka kalamu chini, akanawa, akapokea sindano kwa infirmier. Mwanachama Na. 4 alikunja mkono wa shati, akageuzia uso ukutani, akatoa mkono. Baadaye aliuliza, "Utachoma saa ngapi?" Katibu alijibu, "Nimekwisha kuchoma, Papa."
Iliamuliwa: katibu atamchoma asubuhi na mangaribi, mpaka hizo chembe zifike Goma. Fromaji ni ya kula.

Kikao kilifungwa saa sita kasoro robo kwa sala fupi, mwenyekiti akiwa bado anadai soda.

Mwenyekiti: Modeste Mbarushimana (amesaini, hakubali 203)
Katibu: Emerance (amesaini)

Mwanachama Na. 4 aliomba kalamu. Alisema katibu amekwisha kumshika mkono, basi naye atamsaidia katibu kuliandika jina. Ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizovuka mstari:

HABARUREMA