Machimbombo ya Kusini

Mama,

Nakuandikia nikiwa ndani ya chumba cha tiketi, mlango nimeutia komeo. Tangu ututoke, Kibiti imebadilika. Mabasi ya watu binafsi yamekuwa mengi, yana redio na mapazia, na wapiga debe wanawapokonya abiria mizigo ili wapande kwao. Mimi ndiye ninayewaandikia watu viti vya kwenda kusini, na sijawahi kukaa hata kwenye kimoja. Unajua sababu. Kila basi husimama kivukoni Ndundu, abiria wote wakashuka na kutembea mbele ya askari, na mkimbizi asiye na kibali hukamatwa. Hapa mimi ni Juma, mzaliwa wa kijiji cha Umwe. Nikienda kuomba kibali, nitakuwa nimejitaja kuwa mkimbizi.

Mwezi uliopita dada Anjelina alinitumia salamu kwa utingo. Vita kwetu Msumbiji vimekwisha, kambi yao ya wakimbizi inafungwa, malori yanawarudisha watu. "Mwambie aje tuonane kabla sijapanda lori. Nikishavuka Ruvuma, sijui atanipata wapi." Tangu hapo nakata tiketi za watu watakaopita karibu na kambi yake, nawatakia safari njema, nabaki nyuma ya nondo za dirisha.

Leo asubuhi alikuja mama mmoja, usoni ana chale kama zako. Akaniuliza, "Mwanangu, machimbombo ya Lindi ipo?"

Sudi, mpiga debe wetu, akaangua kicheko. "Bibi, kama hiyo ni mboga, sokoni kule. Hapa tunauza safari."

Watu wakacheka. Mimi nikamjibu, "Ipo, mama. Inaondoka baada ya adhuhuri."

Sikufikiri. Lilikuwa neno lako la basi, ulilokuja nalo kutoka Msumbiji. Nilipokusahihisha useme basi, uliniambia, "Basi ni neno la kumnyamazisha mtu. Mimi nataka la kupanda."

Sudi akainama dirishani. "Karani, neno hilo kwenu Umwe mnalilima?" Yeye alikuwa akitania. Askari mmoja wa kivukoni, aliyekuwa akinywa chai kwenye benchi, hakutania. Aliweka kikombe chini. "Kesho nitapita hapa, Juma. Uwe na mzee wa Umwe anayejua ulikozaliwa."

Sina mzee huyo, Mama. Nikibaki nitakamatwa hapa, na Anjelina ataondoka. Nikienda huenda nikakamatwa kivukoni. Nimezipima njia zote mbili mpaka kichwa kinauma, na kila moja ina askari. Ila moja ina dada yangu ng'ambo ya pili.

Yule mama anangoja nje kivulini. Yeye ana kibali. Nimejiandikia kiti cha pembeni yake, kwa jina ulilonipa wewe. Kaburi lako nililipalilia juzi. Jirani yetu mama Zuhura amesema atalitazama.

Pumzika, Mama. Sina ushujaa wa kukuahidi kwamba nitafika. Ninachokuahidi ni hiki: kivukoni nitashuka na wenzangu, na nikiulizwa natoka wapi, nitataja kijiji chetu, kisha nitasema namfuata dada yangu. Wakinifunga, watamfunga mwanao.

Sudi ameanza kuita abiria. Nafungua mlango.

Mwanao,
Joakimu