Ushauri wa Bure kwa Bi Zuwena

Jumanne, 2003

Binti yangu Nasra kanipaka wanja mguuni sasa hivi, anacheka. Nilitaka kumgombeza, nikambusu.

Bi Zuwena wa duka la mabaibui, mtaa wa Al Khuwair, kanikera! Nilikwenda kuomba niwe meneja wake siku mbili kwa wiki. Bi Moza, mteja wangu pekee wa kazi hii ya umeneja, anafunga duka mwezi huu.

Bi Zuwena akanikirimu kahawa na halua. Nikaona haya kutaja kazi huku nakirimiwa, nikamweleza namna ya kupanga mafundi na oda za Idi. Msaidizi wake anaandika yote!

"Ahsante, mwanangu. Sasa tushajua wenyewe, meneja wa nini?" akanambia Bi Zuwena.

Hata haya hana! Kesho naenda kwa mwengine. Nitakunywa kikombe kimoja, nikitikise kusema basi, halafu nimwambie wazi, bibie, kwanza tukubaliane siku zangu, ndio nikupe usha—

Nasra ananiita. Naam, mama, naja!